Shule inamfanyia nani kazi?

Kengele ya shule ninayofundisha hapa Tanga ni ringi la gurudumu la lori, lililoning'inizwa kwa mnyororo kwenye tawi la mwarobaini, na anayeligonga ni kiranja wa zamu mwenye kipande cha nondo mkononi. Likigongwa mara ya pili, watoto mia sita na ushee waliokuwa wakikimbizana, wakifagia uwanja au wakimwagilia maua kwa maji waliyoyabeba kwenye madumu kutoka majumbani mwao, hujipanga mstarini kwa madarasa, wafupi mbele na warefu nyuma, na baada ya dakika chache huwa hakuna anayesema neno. Nimeliona jambo hilo kila asubuhi ya kazi kwa miaka 27. Muhula uliopita, mwanachuo mmoja aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo alisimama kando yangu wakati wa mstari, akaniamkia, kisha akaniuliza: "Mama, wewe unaamini kweli kwamba shule ipo kwa sababu jamii inaihitaji?" Alikuwa na zoezi la kuandika juu ya nadharia ya uamilifu katika elimu, na alitaka kusikia kauli ya mtu aliyekaa darasani kwa muda mrefu. Nilimjibu kwa ufupi, kwa kuwa kipindi cha kwanza kilikuwa changu. Jibu refu ninalitoa hapa, kwa sababu swali lenyewe halikuniacha.

Wanauamilifu huitazama jamii kama mwili wenye viungo vingi. Familia, dini, soko, mahakama na shule kila kimoja kina kazi yake, na chombo kilichodumu kizazi baada ya kizazi huhesabiwa kuwa kimedumu kwa sababu kuna haja kinayoitimiza. Kwa hiyo mtu akitaka kuielewa shule, asianze kwa kuuliza kama ni nzuri au mbaya, aanze kwa kuuliza inafanya nini. Wanachuo wengi hukariri orodha ya kazi hizo kwa ajili ya mtihani na kuzisahau wiki inayofuata, jambo linalonisikitisha, kwa maana nyuma ya orodha ile wako watu waliokuwa wakihangaika na matatizo ya nchi zao kama sisi tunavyohangaika na ya kwetu.

Wa kwanza wao ni Émile Durkheim, aliyezaliwa mwaka 1858 huko Épinal, mashariki ya Ufaransa, katika ukoo wa marabi, na ambaye kuanzia mwaka 1887 alifundisha katika chuo kikuu cha Bordeaux, ambako sehemu ya kazi yake ilikuwa kutoa mihadhara ya malezi kwa walimu wa shule za msingi. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nimsome kwa heshima, kwa kuwa aliyoyasema kuhusu shule aliyasema mbele ya watu wa kada yangu. Ufaransa ya wakati ule ilikuwa imeshindwa vita na Wajerumani mwaka 1871, ikawa jamhuri kwa mara ya tatu, na kwa sheria za mwaka 1881 na 1882 ikaifanya elimu ya msingi kuwa ya bure na ya lazima, na kuyatoa mafundisho ya dini katika shule za umma. Swali lililomkabili Durkheim lilikuwa zito: ikiwa mtoto hafundishwi tena na padri kwamba anapaswa kumpenda jirani yake, nani atamfundisha, na kwa hoja gani? Alijibu kwamba shule ndiyo itakayobeba mzigo huo. Humo mtoto hukutana na wenzake ambao si ndugu zake wala marafiki aliojichagulia, akajifunza kutii kanuni ambayo hakuitunga yeye wala mwalimu, na akajiona kuwa sehemu ya kitu kikubwa kuliko nyumba yao. Kazi ya pili, aliyoiweka sambamba na hiyo, ni kumpa kila mtu ujuzi wa pekee unaohitajika katika jamii ambamo kazi zimegawanyika, hata fundi na mkulima na daktari wakawa wanahitajiana.

Juu ya hiyo kazi ya kwanza sina ubishi naye, kwa kuwa ninaiona katika daftari la mahudhurio. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf alileta katika sehemu hizi za Pangani na Tanga miche michache ya mkonge kutoka Florida, na mkonge huo ukazaa mashamba makubwa yaliyohitaji mikono mingi kuliko iliyokuwepo. Waliletwa manamba, yaani vibarua wa mashamba, kutoka Iringa, Songea, Kigoma, Msumbiji na Ruanda-Urundi, wengine kwa mkataba na wengine kwa kukimbia kodi, na wengi hawakurudi makwao. Leo nikiita majina darasani, vitukuu vya manamba wale huitikia mmoja baada ya mwingine pamoja na Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wasegeju, na hakuna hata mmoja anayehitaji mkalimani ili agombane na mwenzake juu ya raba ya kufutia. Hawajui kwamba jambo hilo lina thamani. Wanaimba wimbo wa taifa wakiwa na usingizi machoni, wanafagia eneo la darasa lao, wanagawana dawati watatu watatu, na katika mambo hayo madogo yanayorudiwa kila siku linajengeka lile ambalo Durkheim aliliita mshikamano. Nchi nyingi zilizotuzunguka zimelipa kwa damu kukosekana kwa jambo hilo, na mimi nikisikia mtu akilidharau huwa naumia.

Kuna jambo jingine la Durkheim ambalo halimo katika daftari za wanachuo. Katika mihadhara yake juu ya malezi ya maadili, iliyochapishwa mwaka 1925 baada ya kifo chake, alipinga vikali adhabu ya viboko shuleni. Alisema kwamba adhabu haina nguvu kubwa ya kumtisha mkosaji. Kazi yake ya kweli ni kuwaonyesha wote kwamba kanuni iliyovunjwa bado ni kanuni na bado inaheshimiwa, na kazi hiyo haihitaji kuumiza mwili, kwa kuwa kumpiga mtoto ni kuuvunja utu uleule ambao shule inakusudia kuujenga. Kanuni zetu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye, na viandikwe kitabuni. Walimu wenzangu wanajua, na mimi najua, kwamba mengi hutendeka bila kitabu. Miaka yangu ya mwanzo nami nilishika fimbo. Niliiacha siku nilipogundua kwamba darasa hunyamaza kwa ajili ya fimbo na si kwa ajili ya somo, na kwamba nikitoka nje kidogo ukimya ule haupo tena. Laiti ningalimsoma Durkheim mapema, wapo watoto fulani ambao ningekuwa na uso wa kuwatazama leo kwa amani zaidi.

Baada yake alikuja Talcott Parsons, Mmarekani aliyefundisha Harvard, ambaye mwaka 1959 aliandika makala juu ya darasa kama mfumo wa kijamii. Hoja yake ni kwamba shule ni daraja kati ya nyumba na ulimwengu. Nyumbani mtoto hupimwa kwa kipimo cha nasaba: yeye ni kifungua mimba, au kitinda mimba, au ndiye aliyepewa jina la babu, na anapendwa kwa kuwa ni wao. Ulimwengu mkubwa humpima kwa kipimo kimoja kinachotumika kwa wote, na humpa hadhi kwa alichokitenda, bila kujali alizaliwa nani. Mtoto hawezi kurukia huko kwa hatua moja, ndiyo maana kunahitajika mahali pa kati, penye mtu mzima anayemjali bila kuwa mzazi wake, na ambaye mwaka ukiisha hubadilishwa na mwingine ili mtoto ajifunze kukiheshimu cheo cha ualimu hata aliyekishika akibadilika.

Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mtoto wa dada yangu. Alipoingia darasa la tatu alipangwa kwangu, na siku ya kwanza alipomaliza zoezi alinyoosha mkono akasema kwa sauti, "Mama mdogo, nimemaliza." Darasa zima likacheka. Nilimwendea, nikainama, nikamwambia taratibu, "Hapa niite mwalimu." Alinitazama kana kwamba nimemfukuza nyumbani. Wiki ile nzima, jioni nikienda kwa dada, alikaa mbali nami, hata chapati nilizompelekea alizipokea kwa kutazama chini. Ulipofika mtihani wa nusu muhula alipata 38 katika Kiswahili, nami nikaandika 38. Usiku dada akaja na karatasi mkononi, hakunisalimia, akasema: "Yaani mwanao mwenyewe umempa thelathini na nane?" Neno lile "mwanao" lilibeba kila kitu ambacho Parsons alihitaji kurasa nyingi kukieleza. Nilimjibu kwamba nyumbani ni mwanangu, na darasani nina watoto 71. Hakuridhika, na kwa miezi miwili tulizungumza kwa uchache. Lakini mtoto yule mwishoni mwa mwaka alipata 64, na aliijua kuwa ni yake, hakupewa na shangazi wala mama mdogo. Nadhani ndipo alipovuka lile daraja.

Hata hivyo, lazima niseme kwamba daraja hili halikuletwa kwenye mwambao wetu na shule ya kizungu. Kabla yake kulikuwa na chuo cha Kurani, ambako mtoto aliketi mkekani na kuandika alifu na bee kwenye ubao, na ambako mwalimu hakuangalia baba ni nani alipokuwa akisikiliza mtu akihitimu juzuu. Anayetaka ushahidi aende Bagamoyo akaulize habari za Sheikh Ramiya. Aliletwa pwani akiwa mtoto mdogo mtumwa, kutoka upande wa Kongo ya mashariki, akawa katika nyumba ya Mwarabu wa ukoo wa Lamki aliyekuwa mtu mkubwa mjini. Alisoma, akafungua madrasa, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na alipofariki mwaka 1931 mji ulimzika kama kiongozi wake wa dini, na hadi leo watu husafiri kutoka mikoa mbalimbali kwenda kwenye ziara Bagamoyo. Katika mji ambao mtu alitambulishwa kwanza kwa kuwa muungwana au mtumwa, elimu ilimpa mtu huyu cheo ambacho nasaba isingempa kamwe. Parsons angesoma historia hiyo angeifurahia, na pengine angeacha kufikiri kwamba jambo hilo ni la darasa la Marekani peke yake.

Sasa nafika mahali ambapo mimi na watu hawa tunaachana. Mwaka 1945 wanauamilifu wengine wawili wa Marekani, Kingsley Davis na Wilbert Moore, waliandika kwamba katika kila jamii kuna nafasi muhimu kuliko nyingine, zinazohitaji vipaji adimu na mafunzo marefu, na kwamba tofauti za ujira na heshima zipo ili wenye vipaji wavutwe kuzijaza. Ukiiunganisha kauli hiyo na ya Parsons, shule huonekana kuwa ungo: watoto wote hutiwa humo kwa usawa, ungo unapepetwa, na kila punje huangukia mahali pake.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1986. Tulikuwa 46. Katika darasa letu alikuwamo msichana mwingine mwenye jina kama langu, kwa hiyo tuliitana somo, na hadi leo hatuitani vinginevyo. Somo yangu alinizidi katika hesabu. Mwalimu alipoandika swali ubaoni yeye alikuwa amekwisha kulijibu kabla sijamaliza kulinakili. Matokeo yalipotoka tuliitwa shuleni, tukakaa chini chini ya mkorosho, na mwalimu mkuu akasoma majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Yalikuwa matatu. La pili lilikuwa jina letu. Sote wawili tuliinuka, tukiwa tumeshikana mikono, kwa sababu hakuna aliyejua ni nani kati yetu. Kisha mwalimu mkuu akageuza karatasi kidogo ili aone vizuri, akasoma jina la baba. Somo yangu aliukunguta mchanga kwenye sketi yake, akakaa. Sijui kama yupo mtu aliyepata kukaa chini polepole namna ile.

Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno wakati ule, na tofauti ya alama kati yetu yaweza kuwa ilikuwa moja au mbili. Lakini baba yangu alikuwa karani wa bandari na kwetu kulikuwa na taa ya karabai. Baba yake alikuwa mvuvi, naye kila jioni alikuwa akipara samaki hadi giza liingie. Mwanasosholojia mwenzao, Melvin Tumin, aliwajibu Davis na Moore mwaka 1953 akisema kwamba jamii yenye matabaka haiwezi hata kujua ina vipaji kiasi gani, kwa kuwa wengi hufungiwa mlango kabla hawajapimwa. Nilipolisoma jibu hilo chuoni niliweka kalamu chini. Mwaka 1976 Samuel Bowles na Herbert Gintis walikwenda mbali zaidi, wakasema shule za Marekani huwafundisha watoto wa wafanyakazi kutii na kuwahi kwa kuwa ndivyo kiwanda kinavyowataka. Sikubaliani nao katika yote, ila kosa waliloliona ni la kweli.

Leo somo yangu anakaanga samaki na kuwauza karibu na Makorora. Juzi nilikaa naye kwenye benchi lake alipokuwa akinunua. Ndoo ya vibua aliyokuwa akiipata kwa 45,000 ilikuwa imepanda hadi 52,000. Mafuta 12,000, kuni 4,000. Aliangalia ndoo, akaangalia juu kidogo, akasema: "Jana nilitoa mafungu 38 ya elfu mbili mbili, nikabaki na 15,000. Leo nikitoa yaleyale nabaki na 8,000, na 5,000 ni ya mchezo. Nitatoa 42, nibaki na 16,000." Alisema hivyo huku akihesabu noti za muuzaji. Mimi nilikagua baadaye nyumbani kwa kalamu, nikakuta hakukosea hata shilingi. Isitoshe, yeye ndiye kijumbe wa upatu wa wanawake 20, kila mmoja akitoa 5,000 kwa siku na mmoja akipokea 100,000, na hana daftari. Anajua nani amekwisha kupokea, nani alibadilishana zamu kwa sababu ya msiba, na nani anadaiwa tangu juma lililopita. Ungo ule wa mwaka 1986 ulikuwa na kipaji hiki mkononi, ukakimwaga. Nadharia inayosema kwamba kila punje iliangukia mahali pake haijapata kukaa kwenye benchi lile.

Kinachonisumbua zaidi katika uamilifu ni neno lenyewe "jamii", ambalo hutumiwa kana kwamba ni mtu mmoja mwenye haja moja. Durkheim aliandika kwamba kila jamii katika kila zama ina picha ya mtu inayemtaka, na elimu humfinyanga mtoto afanane na picha hiyo. Naam, lakini picha ni ya nani? Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walifungua hapa Tanga shule ya kwanza ya serikali katika koloni lao lote la Afrika Mashariki. Ilifundisha kwa Kiswahili, haikufundisha dini ili watoto wa Kiislamu wa mwambao wasikatazwe kuja, na ilikuwa na mafunzo ya ufundi na kiwanda cha uchapaji kilichotoa gazeti la Kiongozi. Serikali ilihitaji makarani, wakalimani, walimu na maakida, yaani watawala wadogo wa maeneo, na ikawapata. Kwa kipimo cha uamilifu, shule ile ilifaulu kuliko shule yoyote niliyopata kufundisha: kila mhitimu alikuwa na nafasi inayomngoja. Tatizo ni kwamba mwili uliokuwa ukilishwa na kiungo kile haukuwa mwili wetu.

Na bado, hata hiyo si habari yote. Robert Merton, mwanauamilifu aliyekuwa makini kuliko wengine kwa maoni yangu, mwaka 1949 alitenganisha kazi za dhahiri, yaani zile zilizokusudiwa, na kazi zilizofichika, ambazo hakuna aliyezikusudia. Tanga inatoa mifano ambayo sijui kama ipo mahali pengine. Mwaka 1922, chini ya Waingereza, makarani na walimu Waafrika wa serikali walikutana hapa mjini, Waislamu na Wakristo pamoja, wakaunda chama chao wakiongozwa na Martin Kayamba, Mbondei aliyesoma shule ya misheni ya Kiungani, Unguja. Chama kile kiliwatangulia wale waliounda African Association huko Dar es Salaam mwaka 1929, na kutoka huko njia inakwenda moja kwa moja hadi TANU ya mwaka 1954. Shule za wakoloni zilitengeneza makarani ili waandike barua za serikali, na makarani wakatumia kalamu ileile kutambuana. Vilevile kuna Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, kusini ya mji huu, mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1926, akaajiriwa idara ya forodha, na karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa karani. Serikali ilitaka karani, ikampata karani mwaminifu. Kiswahili, ambacho hakuna ofisi iliyokipangia bajeti, kikapata mshairi wake mkuu.

Wapo wanaoshangaa nikisema kwamba Mwalimu Nyerere naye aliuliza swali la wanauamilifu. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alianza kwa kueleza kwamba elimu hurithisha hekima na maarifa ya jamii kutoka kizazi hadi kizazi na kuwaandaa vijana kushiriki katika jamii hiyo, maneno ambayo Durkheim angeyatia sahihi. Tofauti yake ni kwamba hakuacha neno jamii litembee uchi. Aliuliza ni jamii gani tunataka kuijenga, akaona kwamba shule tulizorithi ziliandaliwa kwa ajili ya wachache, na kwamba kama asilimia 87 ya watoto waliomaliza shule ya msingi mwaka ule walitoka wakijiona wameshindwa. Kwa hiyo alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe chumba cha kusubiria sekondari. Shamba la shule tulilolilima mimi na somo yangu lilitokana na andiko hilo. Tulilima, mihogo ilistawi, lakini mtihani ulibaki ungo, na mtoto aliyeachwa aliendelea kujiona ameshindwa. Kubadili kazi ya shule ni kugumu kuliko kubadili ratiba yake.

Mwanachuo wangu aliandika zoezi lake, akaliwasilisha, na kabla hajaondoka nilimpeleka Makorora akala samaki. Somo alikuwa na mjukuu wake, msichana wa miaka minane ambaye yupo shuleni kwetu, anayejibu hesabu kabla mwenziwe hajanakili. Tulimweleza somo kwamba kwa sera ya elimu iliyotolewa upya mwaka 2023 elimu ya lazima itakuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, kwa hiyo mtoto huyu hataishia darasa la saba kama ilivyokuwa zamani.

"Kwa hiyo yeye hatakaa chini ya mkorosho kusomewa jina?" akauliza.

Nilimwambia ukweli, kwamba atasomewa, ila kidato cha nne, na mimi nitakuwa nimestaafu. Alinyamaza kidogo akigeuza samaki kwenye karai. Kisha akamwita mjukuu, akampa noti ya elfu kumi ya mwanachuo, akamwambia amrudishie chenji ya mafungu mawili na soda moja ya 800, na asimuulize mtu.